Tawasifu si fomu ya basari: Funzo kutoka Muhuru Bay

MWALIMU mmoja rafiki yangu anayefundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huko Muhuru Bay alinipigia simu muhula uliopita. "Ndugu yangu, njoo unisaidie," akasema. "Nina tawasifu arubaini mezani na zote zimeandikwa na mtu mmoja."

Nilidhani wanafunzi wamenakiliana. Nikapanda matatu hadi mjini Migori, nikachukua nyingine iliyokata Nyatike, nchi ya wachimbaji dhahabu, mpaka barabara ikaishia ziwani. Usiku huo tuliketi na karatasi hizo chini ya taa moja, yeye na kalamu yake nyekundu, mimi na miwani yangu. Kumbe hakuna aliyemnakili mwenzake. Miandiko ilikuwa tofauti, makosa ya tahajia tofauti, hata vifo vilikuwa tofauti: huyu baba alizama, yule aliugua, mwingine mama aliolewa upya ng'ambo ya mpaka. Lakini umbo lilikuwa lile lile. Aya ya kwanza: mimi ni mtoto yatima, au, nimetoka katika familia maskini. Aya ya pili: nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara kadha wa kadha. Aya ya tatu: nikipata msaada nitakuwa daktari ili niisaidie jamii yangu. Na wengi wao walifunga kwa maneno mawili, "Mungu awabariki".

"Awabariki akina nani?" nikauliza.

Mwalimu akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kamati ya basari."

Zoezi la nyumbani lilisema waandike tawasifu. Watoto wakaandika maombi. Usidhani, msomaji, kwamba hawakuelewa swali. Kwa mtoto wa ufuo ule, ombi la basari ndilo andiko la kwanza, na mara nyingi la pekee, ambalo mtu mzima humtaka asimulie maisha yake. Anaiandikia kaunti, anaiandikia hazina ya maendeleo ya eneo bunge, anaiandikia benki, anamwandikia mhisani asiyemjua. Aghalabu maombi hayo huwa kwa Kiingereza. Nilichokuwa nikikisoma usiku ule kilikuwa ni tafsiri yake, imekaririwa hata ikawa kama sala. Fomu humwuliza kwanza kama wazazi wako hai. Haimwulizi anachekeshwa na nini, wala ni nani aliyemfundisha kuogelea. Afikapo kidato cha nne amekwisha kuisimulia nafsi yake mara kumi au ishirini, na kila mara amejifunza kwamba sehemu ya maisha yake yenye thamani ni ile inayouma.

Sisi wa vyuoni tumezoea kusema katika makongamano kwamba tawasifu ni chombo cha kujitambulisha na ngao dhidi ya dhiki. Sipingi. Ila tunalisema jambo hili haraka mno, kana kwamba kila mtu akishika kalamu akaanza na "mimi" basi amekwisha kujikomboa. Kuna tawasifu inayomtoa mtu katika dhiki, na kuna nyingine inayomfungia humo humo na kumkabidhi mgeni ufunguo.

Hebu tuliangalie neno lenyewe. Wasifu, tawasifu na sifa ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kueleza jinsi kitu kilivyo. Kiswahili kikalichukua tawi la sifa na kulielekeza zaidi upande wa uzuri, ndipo tukapata kusifu, kusifiwa, kujisifu. Kwa hiyo ndani ya tawasifu kuna mwangwi wa mtu anayejitaja kwa kile kilicho bora kwake. Shuleni nasi tumeongeza utata wetu: mwanafunzi hupewa wasifu, tawasifu, wasifukazi na tawasifukazi, kisha tunashangaa anapoandika tarehe ya kuzaliwa, shule alizosomea na majina ya wadhamini akidhani amesimulia maisha.

Pale ziwani kuna utanzu mzima uliojengwa juu ya wazo hilo hilo la sifa, na hauna undugu wowote na Kiarabu. Wajaluo huuita pakruok. Pak ni sifa. Pakruok ni kujisifu. Nyatiti au ohangla inapochezwa, mtu husimama, hutoa pesa, na muziki hunyamazishwa kwa ajili yake. Kisha hujitaja: mimi mwana wa fulani, mjukuu wa bibi wa kilima kile, shemeji wa watu wa ufuo ule, ninayefanya hivi na asiyeweza kufanyiwa vile. Watu wakishangilia, nyatiti huanza tena. Umaskini pia hutajwa, ila hutajwa kwa madaha. Nilipata kumsikia mzee mmoja akijisifu kwamba mtumbwi wake unavuja kiasi kwamba samaki huingia wenyewe kutafuta maji. Ukumbi mzima uliinuka.

Sasa tazama tulipofika. Katika pakruok mtu hulipa ili ajisifu. Katika basari mtoto hulipwa ili ajidhili. Wanafunzi wale arubaini wanaujua utanzu wa kwanza tangu wakiwa migongoni mwa mama zao, lakini hakuna aliyewaambia kwamba ule ndio binamu wa karibu zaidi wa tawasifu tunayowatahini. Katika vitabu vya fasihi simulizi tunawafundisha majigambo kama kitu cha Wahaya na mashujaa wa zamani, kisha tunageuza ukurasa.

Na Muhuru si mahali ambapo mtu hujieleza kwa sentensi moja. Leo ukishuka kwenye matatu utasalimiwa kwa Dholuo, na kwenye orodha za wanasiasa watu wale huhesabiwa katika kapu moja la Waluo. Lakini wengi wao ni Abasuba, Wabantu ambao masimulizi yao huwaleta kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, wakatua katika visiwa vya Mfangano na Rusinga, ambavyo sasa vimo kaunti ya Homa Bay, na katika fuo za bara hadi Muhuru. Wanaisimu wanaitaja lahaja ya Kisuba ya watu wa Muhuru kwa jina la Olumuulu. Marehemu Duncan Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Mjerumani Franz Rottland, walichunguza jinsi Abasuba walivyohamia Dholuo kizazi baada ya kizazi, kwa ndoa, kwa kanisa, kwa shule. Ukivuka mpaka kidogo tu uko Shirati, Tanzania, ambako Wajaluo wa kule huzungumza Kiswahili kinachomfanya Mkenya aone haya. Ndani ya maji kuna Migingo, kisiwa kidogo kama paa la nyumba, ambacho Kenya na Uganda wamekizozania kwa miaka.

Kwa hiyo mtoto wa pale anaota kwa Dholuo, anakemewa na nyanya yake kwa maneno ya Kisuba ambayo hayaelewi yote, ananunua sabuni kwa Kiswahili cha mpakani na kufanya mtihani kwa Kiingereza. Ukimwambia aandike "mimi ni nani", umempa kazi ambayo wazee wake waliiahirisha kwa karne moja. Si ajabu akajibu, "Mimi ni yatima." Hilo angalau lina muhuri wa chifu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1887 kilitolewa London kitabu kiitwacho Kiungani. Kilikusanya masimulizi ya wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kuwekwa katika shule ya wamishonari wa UMCA huko Kiungani, Unguja. Walikuwa watoto wa Kiyao, wa Kimakua na wa makabila mengine ya bara, na walimu waliwataka waandike jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na walivyofika pwani. Aliyeyahariri na kuyatafsiri alikuwa A.C. Madan, yule yule ambaye baadaye alituachia kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1903. Tunayo deni kubwa kwa kitabu hicho. Bila hicho sauti hizo zingezama. Lakini angalia mkataba wake. Mtoto anaandika, mwalimu anatafsiri, msomaji ni Mwingereza aliye mbali ambaye moyo wake, na labda mkoba wake, unategemewa kufunguka. Maisha yanaanza siku ya kutekwa na kuishia shuleni. Kilichotokea kabla, yaani michezo, majina ya mbwa, nyimbo za mavuno, hupita mbio kama kituo ambacho basi halisimami. Na kilichotoka chapani kilikuwa Kiingereza.

Nikiwa na karatasi arubaini za Muhuru mkononi, nilimfikiria Madan. Miaka imepita zaidi ya mia moja na thelathini, na mkataba ni ule ule: nipe maumivu yako nikupe nafasi darasani.

Kinyume cha watoto hao wa Kiungani ni mtu aliyekuwa katika upande wa pili wa mnyororo. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alituachia mojawapo ya tawasifu za mwanzo za Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Heinrich Brode akaichapisha. Ni kitabu cha misafara, pembe na vita, na mwenyewe hana haja ya huruma ya mtu. Mwenye nguvu huandika alichofanya. Mnyonge hutakiwa aandike alichofanyiwa. Tofauti hiyo ya kisarufi, ya kutenda na kutendewa, ningeiweka juu ya ubao katika kila darasa la tawasifu.

Ndiyo maana napenda kuwarudisha wanafunzi wa kusini mwa Nyanza kwa mtu wao wa karibu, Tom Mboya. Yeye ni wa Rusinga, wa Abasuba, ijapokuwa Kenya nzima ilimjua kama kiongozi wa Kijaluo. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa mfanyakazi, na kaburi lake liko Rusinga tangu alipopigwa risasi jijini Nairobi mwaka 1969. Katika kitabu chake cha 1963, Freedom and After, anasimulia kisa cha siku aliyokuwa peke yake kazini kama afisa wa afya wa jiji, akipima maziwa. Mwanamke wa Kizungu akaingia, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo. Mboya akamwuliza kama macho yake yana kasoro.

Kisa hicho ni kifupi, nacho kinatosha kufundisha utanzu mzima. Mboya angeweza kutueleza jinsi alivyodhalilishwa, na tungemhurumia. Badala yake alichagua kuanza na jibu lake. Ubaguzi upo pale, mzito kuliko ambavyo kivumishi chochote kingeuonyesha, lakini mwenye nafsi katika sentensi ni yeye. Nasema hivi bila kusahau kwamba Freedom and After kwa jumla ni kitabu cha mwanasiasa. Kurasa nyingi ni za vyama, katiba na mikakati, na mtu Mboya hujitokeza kwa nadra. Unapenda zaidi ya kisa kimoja cha maziwa, na hupewi.

Katika Kiswahili mfano mkuu ni Shaaban Robert. Maisha Yangu ni kitabu cha karani wa serikali ya kikoloni anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo, na ni kitabu cha mjane aliyempoteza mkewe Amina. Wapo wanaolalamika kwamba Shaaban anajificha nyuma ya hekima. Kwamba ukimwuliza anavyohisi, anakujibu jinsi inavyopasa kuhisi. Siku nyingine mimi ni mmoja wao. Lakini angalia alichofanya katikati ya kitabu hicho cha maisha yake. Aliingiza tenzi mbili ndefu, Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Hussein. Watoto hao wamefiwa na mama. Baba yao hakuwaandikia kwamba wao ni mayatima. Aliwaandikia urithi. Mtu aliyefiwa akajigeuza kuwa mtu anayetoa, na hapo kwa maoni yangu ndipo Maisha Yangu inapopata uti wa mgongo, hata kama msomaji wa leo ataziruka baadhi ya beti.

Na kwa kizazi chetu yuko Ken Walibora. Kabla ya kutuachia tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, alikuwa amefanya utafiti wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State juu ya masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Alijua basi, kama mtaalamu, nini hutokea pale mtu aliyenyang'anywa kila kitu anapobaki na hadithi yake tu. Hata jina lake ni ukurasa wa tawasifu. Waliaula akawa Walibora. Na anayejua kwamba aula katika Kiswahili ni kilicho bora zaidi ataona kwamba hakulitupa jina la ukoo, alilitafsiri. Mwana wa Magharibi ya Kenya ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake alijipa makao ndani ya lugha hiyo, kisha tawasifu yake akaipa jina la sauti ya mama. Wengine tuna Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ushairi wa kifungo cha 1969 hadi 1972, karibu nayo kwenye rafu. Mimi huviweka vitabu hivyo viwili bega kwa bega kwa makusudi. Walibora alitutoka Aprili 2020, akigongwa na matatu jijini Nairobi, na wengi wetu tulimrudia katika kitabu hicho wiki ile ile, kwa sababu palikuwa mahali pekee ambapo bado angeweza kutujibu.

Turudi Muhuru. Nimesema karatasi zilikuwa arubaini na zote zilikuwa moja. Si kweli kabisa. Mwalimu alikuwa ameitenga moja pembeni, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu: "Umepotoka. Rudia." Ameipa alama sita kwa ishirini.

Msichana aliyeiandika alianza na mwezi. Alieleza kwamba omena huvuliwa gizani, kwa kuwa ni taa za wavuvi zinazowaita samaki hao wadogo wapande juu. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga na taa hazina kazi, kwa hiyo mitumbwi hulala. Mama yake hununua omena alfajiri na kuianika mchangani juu ya nyavu kuukuu. Ikinyesha kabla haijakauka, huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo, akaandika, yeye tangu darasa la nne amejua siku atakayofukuzwa kwa ajili ya karo kwa kutazama angani. Mwezi ukiwa mwembamba, yumo darasani. Mwezi ukijaa, yuko nyumbani. Na kati ya Aprili na Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena ili wazaane, hana haja ya kutazama angani.

Sarufi yake ilikuwa na matege. Upatanisho uliyumba, "ilikuwa" likaandikwa "ilikua" mara saba. Lakini nilirudi nyuma nikaisoma upya, kwa sababu nilikuwa nimepitwa na jambo. Baba yake amekufa. Kifo hicho kimo mle ndani, ila kimo katika kishazi tegemezi, katikati ya sentensi inayoeleza kwa nini mtumbwi wao hukodishwa kwa watu wa ufuo mwingine: kwa kuwa aliyekuwa akiuendesha alichukuliwa na upepo wa usiku. Kisha sentensi inaendelea na bei ya kukodisha. Mtahini anayesoma mbio hatamwona marehemu. Ila aliyewahi kufiwa anajua kwamba kifo hukaa hivyo hivyo nyumbani, ndani ya mazungumzo ya bei ya vitu.

Kuna mahali pengine aliandika kwamba mama yake hununua omena kwa pesa. Mwalimu alikuwa ameyapigia mstari maneno "kwa pesa" na kuandika pembeni: "Uradidi." Nikacheka, maana kweli, kitu hununuliwa kwa nini tena? Mwalimu mwenyewe alipoyatazama mara ya pili aliweka kalamu chini. Msomaji asiye wa ziwani huenda hajasikia juu ya jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumtaka mwanamke mchuuzi ampe mwili ndipo amwuzie samaki. Ripoti nyingi zimeandikwa, waandishi wa habari wamekuja na kamera zao, na ufuo mzima umebebeshwa sura hiyo. Msichana yule hakulitaja neno jaboya. Hakumtetea mama yake wala kumlilia. Aliandika maneno mawili ambayo kila mtu wa Muhuru angeyaelewa na ambayo mgeni angeyaona kama kosa la mtindo. Hiyo, wapenzi wasomaji, ndiyo pakruok. Mwana wa mwanamke anunuaye omena kwa pesa.

Nikamwambia mwalimu kwamba hii ndiyo tawasifu pekee katika rundo lote. Akanikatiza. "Sawa, japuonj. Na hiyo sanaa yako italipa karo? Kamati ina dakika mbili kwa kila barua. Wakianza kusoma habari za mwezi, wataitupa. Wale thelathini na tisa ndio wanaojua kuandika."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nililipata njiani. Ana haki. Mtoto anayedaiwa hana anasa ya kishazi tegemezi. Tangu 2010 pale Muhuru kuna shule ya bweni ya wasichana, WISER, na imewafungulia wengi njia, lakini nafasi za bweni hazitoshi kila mtoto wa ziwa, na shule ya kutwa bado inataka karo yake. Mwenye kutaka kumfundisha mtoto huyo heshima ya nafsi hana budi kwanza kukiri kwamba fomu inalisha na tawasifu hailishi.

Nami nalijua hilo kwa mwili wangu. Nikiwa kidato cha pili niliandika barua ya kuomba msaada. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, mzima wa afya, mcheshi, mwenye maneno. Nilimwandika kwamba ni mgonjwa asiyejiweza, kwa sababu mwenzangu aliyefanya hivyo mwaka uliotangulia alipata. Barua ilihitaji muhuri wa chifu, na mtu wa kuipeleka kwa chifu alikuwa baba yule yule. Alipanda baiskeli nayo mfukoni. Sijui aliisoma wapi. Jioni aliporudi aliniwekea mezani, imegongwa muhuri, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mgonjwa nikienda kumtazama, nimpelekee nini?" Kisha akaenda kuosha mikono yake yenye grisi. Nilipata msaada ule. Ulilipa mihula miwili. Baba hakulitaja tena jambo hilo hadi alipofariki, na katika wasifu uliosomwa mazishini, ambao niliuandika mimi, nilitaja baiskeli alizotengeneza kwa hesabu kubwa kuliko ya kweli.

Kwa hiyo sikumwambia mwalimu awafundishe watoto kudharau fomu. Nilimwomba kitu kidogo zaidi: kwamba watoto wajue hizo ni tanzu mbili. Waandike barua ya basari siku ya barua ya basari, waijue kama wanavyojua barua rasmi, yenye anwani, mada na unyenyekevu wake. Siku ya tawasifu, apewe mtoto ruhusa ya kuanza popote isipokuwa kaburini. Aanze na upepo wa ziwa. Aanze na jina ambalo nyanya yake alimpa kwa Kisuba na ambalo hakuna darasani anayeweza kulitamka. Akitaka kufika kaburini atafika, lakini atafika kwa miguu yake.

Kuhusu alama, tulibishana hadi saa sita usiku. Mimi nilitaka kumi na saba. Yeye alisema upatanisho wa kisarufi si upepo, hauwezi kupuuzwa. Tukafikia kumi na nne, naye akafuta lile neno "Umepotoka", ingawa wino mwekundu haufutiki vizuri.

Asubuhi, kabla kengele haijalia, msichana alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hakuuliza alama. "Mwalimu, shikamoo. Naomba karatasi yangu. Mama ameandika madeni nyuma, na leo kuna mtu anakuja kulipa."

Niliigeuza. Tulikuwa tumeisoma usiku kucha na hatukuwa tumeigeuza. Nyuma kulikuwa na majina kumi na mawili kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa binti yake, na mbele ya kila jina idadi ya gorogoro. Mawili yalikuwa yamekatwa kwa mstari. Nikampa.